Ngozi ya Kwenda Nayo Nyumbani Desemba

Utani wenyewe mnaujua. Ikifika katikati ya Desemba, Wachagga wanaondoka Dar es Salaam "kwenda kuhesabiwa". Foleni zinapungua, maduka kadhaa Kariakoo yanafungwa, na nauli ya Moshi inakuwa habari ya ukurasa wa mbele. Sisi waandishi wa habari tunaandika habari ileile kila mwaka: nauli zimepanda, mabasi ya ziada yameruhusiwa, trafiki wamejipanga barabarani. Desemba 2019 angalau kulikuwa na jipya, kwa sababu treni ya abiria kutoka Dar hadi Moshi ilirudi baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20.

Lakini ipo habari moja ya Desemba ambayo hatuiandiki. Ni ya kinachofanyika usiku, mlango wa chumba ukiwa umefungwa, wiki tatu nne kabla ya safari. Watu wanashughulikia ngozi. Makopo na mirija inapangwa juu ya meza, uso unasuguliwa, shingo inapakwa, mtu analala amejifunika shuka ambayo asubuhi itakuwa na madoa ya mafuta. Mwenzake akiuliza anajibiwa, "Si tunakwenda nyumbani?"

Usicheke. Anayekwenda kuhesabiwa anajua kwamba anahesabiwa kwa macho. Chukua Kirua Vunjo. Kwa wasiopajua, ni mashariki ya mji wa Moshi, kati ya Old Moshi na Kilema. Unaacha barabara kuu ya Himo pale Uchira na kuanza kupandisha mlima. Mtu akifika huko, kabla hata begi halijafunguliwa, shangazi ameshamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye visigino. Hukumu ni mbili tu. Ya kwanza: "Umenawiri." Ya pili: "Mbona umechakaa hivi mwanangu, huko mjini huli?" Gari unaweza kuazima kwa rafiki. Suti unaweza kukodi. Ngozi huazimi, na wazee wanalijua hilo.

Sasa swali langu ni la historia. Tangu lini ngozi ikawa ndiyo cheti cha mafanikio? Na ilikuwaje kazi ya kukitafuta cheti hicho ikaangukia usiku, kwa mtu mmoja, peke yake na kwa siri? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa muda, na jibu ninaloliona limenifanya niwe na hasira kidogo. Tuanze mbali.

Neno lenyewe "kunawiri" ni ndugu wa neno "nuru". Kunawiri ni kuwa na mwanga. Na mlimani, mtu aliyetakiwa kuwa na mwanga kuliko wote hakuwa tajiri wala msomi wa mjini. Alikuwa mama mzazi.

Waliowahi kuandika habari za Uchagga wa zamani, kama Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyetoa kitabu chake mwaka 1924, na Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Leipzig aliyetoa cha kwake mwaka 1940, wanaeleza desturi hii. Mwanamke akijifungua anakaa ndani kiasi cha miezi mitatu. Hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe, halimi. Analishwa. Maziwa, siagi, damu, nyama, ndizi zilizopikwa laini. Muda ukiisha anapambwa, anatolewa nje na kupelekwa sokoni, na huko anapokelewa kwa nyimbo kama askari aliyerudi vitani. Soko zima linamwangalia. Anang'aa.

Hapo naomba tusimame kidogo. Ule mng'ao sokoni ulikuwa unasema nini? Haukuwa unasema kwamba mama huyu ni mzuri tu. Ulikuwa unasema kwamba mama huyu ametunzwa. Siagi ile ilitoka kwa ng'ombe wa kufungiwa ndani, na ng'ombe wa mlimani hawajilishi. Wanawake walikuwa wakishuka tambarare kukata majani na kuyapandisha kichwani. Kwa hiyo ngozi moja iliyonawiri ilikuwa na jasho la wakwe, wifi na majirani nyuma yake. Kama mama angetoka amekonda na amepauka, wa kuona aibu hakuwa yeye. Aibu ilikuwa ya mume na mama mkwe.

Shikilia hilo, tutalirudia.

Siagi na mafuta ya wanyama ndiyo yalikuwa mafuta ya mwili kwa watu wengi wa nyanda za juu na wafugaji wa jirani. Wamasai walichanganya mafuta na udongo mwekundu. Wakikuyu walitumia sana mafuta ya mbarika. Lakini ukitaka kusoma habari za usiku wenyewe wa kuamkia sikukuu, itabidi tuteremke hadi pwani, kwa sababu kule yupo mtu aliyeuishi halafu akauandika.

Huyo ni Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo anasimulia maandalizi ya Idi katika nyumba za kifalme: nguo mpya, manukato, na hina. Hina inapakwa usiku, mikono na miguu inafungwa, na bibi analala chali bila kujigeuza mpaka asubuhi ili rangi ishike vizuri. Hawezi kujikuna. Hawezi kufukuza mbu. Kazi hiyo wanafanya watumishi, na kwa Zanzibar ya wakati ule watumishi maana yake ni watumwa.

Kwa hiyo pwani nako, kama mlimani, urembo wa sikukuu ulihitaji mambo mawili: mmoja alale, na wengine wakeshe. Tofauti ni kwamba mlimani waliokesha walikuwa ndugu, na Zanzibar walikuwa watu wasio na hiari. Sitaki kupamba mambo ya kale. Nasema tu kwamba kila mtu aliona wazi kwamba ngozi ya sikukuu ni kazi ya watu wengi.

Biashara ilipoingia, kazi hiyo ikawekwa ndani ya kopo.

Mwaka 1872 Mmarekani Robert Chesebrough alipata hataza ya jeli aliyoitengeneza kutokana na mafuta ya petroli, akaiita Vaseline. Ndiyo babu wa haya tunayoyaita mafuta ya mgando. Miaka ya 1910 kampuni ya Pond's, nayo ya Marekani, ikaja na wazo lililotajirisha watu wengi: ngozi moja inahitaji krimu mbili, moja ya mchana na nyingine ya usiku kabla ya kulala. Fikiria ujanja huo. Kabla ya hapo usiku ulikuwa wa kulala. Kuanzia hapo, matangazo yakaufanya usiku kuwa zamu ya pili. Mwanamke amemaliza kazi za nyumba, sasa akae mbele ya kioo aanze kazi ya uso.

Kopo hilo lilifikaje mlimani? Kwa reli na kwa kahawa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wakati wa Wajerumani. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wapanda kahawa, KNPA, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU ambayo hadi leo jengo lake linajulikana na kila mtu mjini Moshi. Kahawa ya mlimani inachumwa zaidi kati ya Julai na Desemba. Maana yake pesa ya kahawa na sikukuu ya Krismasi vilikuwa majirani kwenye kalenda.

Na Krismasi yenyewe ililetwa na wamisionari: Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walioanza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig waliofika mwaka 1893. Wamisionari hawakuleta Injili peke yake. Walileta pia shule, shati jeupe na sabuni. Mkristo alitakiwa aonekane msafi, na usafi wa siku ya sikukuu ukawa na vitu vyake vya dukani: nguo mpya za watoto, kipande cha sabuni, mafuta ya kupaka. Yule mama wa sokoni aliyeng'aa kwa siagi ya ng'ombe wake sasa akawa na binti anayeng'aa kwa mafuta ya duka la Mhindi. Lakini bado ilikuwa pesa ya familia, shamba la familia, na duka ambalo kila mtu anajua umenunua nini.

Kilichobadilisha mambo ni ardhi. Kihamba hakikui. Baba mwenye watoto sita akigawa kihamba chake, kila mmoja anabaki na kipande cha kujengea na migomba michache. Katikati ya karne ya 20 vijana wengi wakaanza kutoka: ualimu, ukarani, biashara, Arusha, Tanga, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa. Hapo ndipo Krismasi ikapata maana mpya kabisa. Ikawa siku ya kurudi. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, ameeleza jinsi kuchinja pamoja na kugawana nyama kunavyouweka ukoo pamoja, kila mtu na sehemu yake kulingana na nafasi yake. Sasa mtu ambaye mwaka mzima hayupo anajulikanaje nafasi yake? Anatazamwa.

Ona jinsi hukumu ilivyogeuka. Yule mama mzazi alipotazamwa sokoni, waliokuwa wakipimwa ni waliomtunza. Kijana wa mjini anapotazamwa kibarazani, anayepimwa ni yeye mwenyewe. Ngozi ikipauka, kosa ni lake. Na hakuna mama mkwe aliyemkatia majani ng'ombe wake. Kuna chumba cha kupanga, daladala, vumbi, ofisi, na kopo la krimu.

Serikali nayo haikuikosa ngozi hii. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Vilivyopigwa marufuku ni sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, na krimu za kujichubua. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa. Tarehe ya kuanza: Januari 1, 1969. Yaani wiki moja baada ya Krismasi! Kariakoo vijana waliwavamia wasichana waliovaa sketi fupi hata kabla tarehe hiyo haijafika, na kurasa za barua magazetini zikajaa mabishano. Wengine waliuliza kwa nini wanaosakamwa ni wanawake karibu peke yao. Ni swali zuri hadi leo.

Kwa mwanahistoria, marufuku ni ushahidi. Hakuna anayepiga marufuku kitu ambacho hakipo. Mwaka 1968 krimu za kuchubua zilikuwa zimeshaingia mijini vya kutosha kuwakera viongozi. Lakini ona pia marufuku hiyo haikuuliza nini. Haikuuliza ndani ya kopo kuna nini. Haikuuliza figo ya mtumiaji ikoje. Iliuliza tu kama mtumiaji ni Mwafrika wa kweli. Mwanamke alionekana msaliti, hakuonekana mtu anayewekewa sumu.

Halafu zikaja shida. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983. Katikati yake ikapigwa Vita vya Kagera, 1978 na 1979, na uchumi ukalala chini. Waliokuwepo watakusimulia foleni za sabuni na watu waliofulia majani ya mpapai. Kilimanjaro ilikuwa na bahati na balaa yake, kwa sababu Kenya iko pale chini tu: sabuni na mafuta ya magendo yalipita njia za porini upande wa Rombo na Taveta. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, hata sabuni iliyofichwa ndani ilikuwa jambo la kumtia mtu matatani. Miaka hiyo, ukifika nyumbani Krismasi na kipande cha sabuni ya kunukia na kopo la mafuta kwa ajili ya mama, wewe ni mtu. Wala hakuna aliyekuuliza ngozi yako ina rangi gani. Mafuta tu yalitosha.

Kuanzia mwaka 1984 biashara ya nje ilianza kulegezwa, mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, na bidhaa zikamwagika. Mitumba, redio, viatu, na krimu za kila nchi. Kilichokuwa adimu sasa kikawa kingi mno. Mtu mwenye kopo moja hakuwa tena na kitu cha kuonesha. Ikabidi ngozi yenyewe ibadilike ndipo ionekane umefanikiwa. Hapo ndipo neno "mkorogo" likapata umaarufu wake.

Mkorogo, kwa jina lake, ni kukoroga. Krimu hii, mafuta yale, kijiko cha kitu kingine ambacho muuzaji hasemi ni nini. Unapakwa usiku. Kwa nini usiku? Sababu moja ni aibu. Nyingine ni harufu. Ya tatu ni ya kikemia, na inahusu jua.

Rangi yetu inatoka kwenye melanini. Haidrokwinoni na zebaki, kila moja kwa njia yake, huizuia ngozi isitengeneze melanini. Steroidi kali nazo hupausha ngozi huku zikiifanya kuwa nyembamba. Matokeo ya haraka ni matamu: ndani ya wiki chache mtu ana uso mweupe na laini. Wiki chache, yaani Novemba hadi Krismasi. Ndiyo maana msimu huu ni msimu wa soko.

Matokeo ya baadaye ni mengine. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha ngozi na mabaka ya bluu-nyeusi ambayo hayatoki kirahisi. Zebaki inapenya ngozi na kwenda kwenye figo na mishipa ya fahamu, na haimdhuru aliyepaka peke yake. Mtoto anayelala naye na kukumbatiwa naye anaipata pia. Steroidi ni dawa halali hospitalini, lakini ukijipaka kila usiku bila daktari unapata michirizi, chunusi, fangasi wasiokwisha na kidonda kisichopona haraka. Wahuni wa mitaani wanacheka, "uso Fanta, miguu Coca." Mimi nimeacha kuicheka hiyo.

Safari hii serikali iliuliza swali la maana: ndani ya kopo kuna nini? Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliunda TFDA, na vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vikapigwa marufuku. Mwaka 2019 kazi ya vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Kimataifa upo Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana zebaki iondolewe kabisa kwenye vipodozi kufikia mwaka 2025. Karatasi ziko sawa. Lakini sheria inakamata kopo dukani. Haikamati jicho la shangazi kibarazani.

Sasa turudi mlimani, kwa sababu hapa ndipo mambo yanakuwa mabaya zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na mionzi ya jua inayounguza ngozi inazidi. Shirika la Afya Duniani linasema ni asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000. Moshi mjini peke yake iko kwenye mita 800 na ushee, na Kirua inapanda juu zaidi. Desemba jua liko upande wetu wa kusini, karibu na utosi. Ubaridi wa asubuhi unakudanganya kwamba hakuna jua. Kwa hiyo mtu amekaa mwezi mzima Dar akiivua ngozi yake kinga iliyozaliwa nayo, halafu anaipeleka mahali ambapo kinga hiyo inahitajika kuliko kawaida, kwenye harusi, ubarikio na misa za nje, mchana kutwa.

Na kwa mzaha wa historia, Moshi ndiyo mji unaojua thamani ya melanini kuliko mji wowote nchini. KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ina chuo cha magonjwa ya ngozi cha kanda kilichoanza mapema miaka ya 1990, ambako wanakuja kusoma wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na wenzake walianza kutengeneza krimu ya kuzuia jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa sababu saratani ya ngozi ilikuwa inawamaliza wakiwa bado vijana. Upande mmoja wa mji mtu anahangaika apate kinga ambayo mwili wake haukumpa. Upande wa pili mtu analipa pesa aiondoe aliyopewa bure.

Lakini nisingependa tuishie kuwalaumu wanawake, kama wale vijana wa 1968. Tuangalie usiku wenyewe wa Desemba 24.

Nani analala Kirua usiku ule? Nje wanaume wamezunguka moto, mbuzi anageuzwa, mbege inapita mkono kwa mkono, hadithi za nani kajenga na nani kauza gari zinanoga. Ndani, moshi. Ndizi za mtori zinamenywa ndoo kwa ndoo. Kisusio kinapikwa. Watoto wa wageni wanaogeshwa. Mkwe aliyetoka Dar saa 12 asubuhi ya siku iliyotangulia hajakaa chini, kwa sababu mkwe akikaa atasemwa. Saa nane za usiku anaingia chumbani, macho mekundu kwa moshi, mikono imepasuka kwa utomvu wa ndizi na maji ya baridi. Anafungua kijikopo chake. Asubuhi saa moja anatakiwa kanisani, na anatakiwa awe anang'aa.

Wataalamu wa ngozi wanasema ngozi hupoteza maji zaidi nyakati za usiku, na ndio wakati inapojijenga upya. Kwa hiyo mafuta kabla ya kulala yana maana. Lakini yanahitaji kitu kimoja ambacho hakiuzwi Kariakoo: huo usingizi wenyewe. Bibi yake mkwe huyu alipewa miezi mitatu ya kutunzwa ndipo akatolewa sokoni atazamwe. Yeye anapewa saa nne, tena baada ya kuwatunza wengine wote.

Hasira yangu iko hapo. Tumebaki na nusu ya mila. Kumtazama mtu tumekubakiza, tena kwa ukali zaidi, na simu za kamera juu. Kumtunza tumekuacha. Tunadai mng'ao bila kulipa siagi. Pengo kati ya hayo mawili ndilo linalojazwa na mkorogo, na muuzaji wa mkorogo anatujua vizuri kuliko tunavyojijua.

Ushauri wa ngozi si fani yangu, lakini wa msingi ni mfupi na wa bei nafuu. Nawa moshi na vumbi kwa sabuni ya kawaida, paka mafuta ya mgando au losheni ngozi ikiwa bado na unyevu, mchana vaa kofia au kanga kichwani, na usianze krimu mpya wiki ya sikukuu. Kopo lisiloandikwa kilichomo, liache dukani. Anayetaka kuacha mkorogo alioutumia muda mrefu asikurupuke, amwone daktari wa ngozi, maana ngozi iliyozoea steroidi inaweza kulipuka ikinyimwa ghafla.

Ushauri wa pili ni kwa sisi wanaume, na huo ni wa kihistoria kabisa. Kwenye kumbukumbu zote za mlimani, mtu hakunawiri peke yake. Kuna mtu alibeba majani. Basi mangi, Krismasi hii mbuzi akishawiva, sogea jikoni. Kuna ndoo ya ndizi pale, na kisu ni kilekile ulichokatia nyama. Mmenyeeni mwenzenu alale saa nne za usiku.